Kwa Mshenga Wangu, Kuhusu Trekta la Kukatia Majani

Projestus Mutalemwa,
Mkaguzi wa Shule (Mstaafu),
Tegeta, Dar es Salaam.

Mzee Alfonsi Kajuna,
Mshenga,
Kamachumu.

Ndugu Mshenga,

YAH: KASORO ILIYOJITOKEZA KATIKA NDOA ULIYOISHUGHULIKIA, NA OMBI LA KURUDI UKWENI KUIREKEBISHA

Shikamoo, Mzee wangu. Kichwa cha barua hii nilikiandika kwa herufi kubwa nikidhani kingejieleza chenyewe. Nilipomsomea jirani yangu Mzee Shomari, akasema hakijaeleweka hata kidogo, kwa hiyo inabidi nikusumbue na maelezo.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu. Ukipigiwa simu huwa unaitika "eeh, eeh" mpaka mtu anaamini umekubaliana naye, kumbe hapo ulipo unaelewana na mtu mwingine juu ya kahawa. Jambo hili linahitaji ulisome ukiwa umekaa.

Naomba nikukumbushe siku ile uliponiombea jiko. Ulisimama sebuleni kwa baba mkwe wangu ukiwa umevaa kanzu na koti, ukaeleza kwamba kijana wako Projestus ni mwalimu, hanywi kupita kiasi, na anasoma magazeti. Wakwe wakauliza waliyouliza, ukajibu vizuri. Nawe ukauliza juu ya binti yao, nao wakajibu kwamba Tekla ni mchapakazi, anaimba kwaya, na hapendi kitu kisicho na kazi. Hilo la mwisho tulilichukua kama sifa.

Hakuna upande uliouliza msimamo wa binti kuhusu mashine za kukatia majani. Sikulaumu. Wakati ule, kule kwetu, majani tulikuwa tunayatandika ndani ya nyumba ili wageni wakute pananukia vizuri. Kuyakata uani ili yapendeze huko huko nje ni mambo niliyoyakuta huku. Hata hivyo kasoro ipo, na aliyeishughulikia ndoa hii ni wewe, kwa hiyo naileta kwako.

Hali ilivyo leo ni hii. Mke wangu Tekla yupo kwa mdogo wake Jesca, Gongo la Mboto, ambako ni mwisho mwingine kabisa wa jiji. Ameondoka na mto wake wa kulalia, kitabu cha kwaya na kikaango kile kizuri. Mimi nipo hapa Tegeta na trekta. Kati ya uwanja wangu na wa Mzee Shomari kuna tundu ukutani ambalo gari linapita, na wakati naandika, kuku wake amesimama ndani ya tundu hilo akinitazama kama anayengoja nimalize.

Sasa nianze mwanzo.

Unafahamu kwamba kiwanja hiki tulikinunua wakati Tegeta bado pori, na ndugu wakatucheka. Nyumba tuliijenga mbele, karibu na barabara, nyuma tukaacha uwanja. Uwanja huo niliupanda ukoka kwa mikono yangu, kipande kwa kipande, nikiumwagilia jioni nikitoka kazini, Tekla akinishikia mpira wa maji. Miaka yote ya ukaguzi wangu, kila Jumamosi nilishika fyekeo nikaukata mwenyewe. Niliwakagua walimu wa mkoa mzima, Mzee Alfonsi, lakini kitu pekee kilichobadilika baada ya mimi kukikagua ni ule ukoka.

Nilipostaafu nilidhani sasa nitaukata kila siku nikipenda. Goti la kulia likakataa. Daktari akaniambia nisisimame muda mrefu, nisiiname sana, na fyekeo nimpe mtu mwingine. Nikamuuliza kama kuna katazo lolote juu ya kukaa. Akasema hakuna, kaa tu. Mimi ni mtu wa kufuata maelekezo. Ndipo nikaanza kutafuta mashine ya kukatia majani ambayo mtu anaipanda na kuikalia, yenye usukani na magurudumu manne kama trekta dogo, kwa kuwa ndiyo njia pekee ya kufyeka na kumtii daktari kwa wakati mmoja. Kutokana na uamuzi huo wa kitabibu ndipo yakatokea malalamiko yafuatayo.

1. Kwamba Tekla alitaka tuuzibe uwanja kwa pevingi.

Siku niliyotoka hospitali, kabla sijavua viatu, aliniambia amefikiri na ameona tuung'oe ukoka wote, tutandaze pevingi, yale matofali ya saruji ambayo majirani wote wameweka, halafu tupange viti na turubai, naye apate mahali pa kufanyia mazoezi ya kwaya na kupokelea wageni. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma, kwa sababu alisema vile mtu anavyomwarifu mgonjwa kwamba baiskeli yake imepewa mtu mwingine. Nilimjibu kwamba pevingi hazikui. Akasema ndiyo maana anazitaka.

Naomba hapo uone tulipoanzia. Mimi sikuanzisha mgogoro. Nilikuwa mgonjwa mwenye kiatu kimoja mguuni.

2. Kwamba alinivunjia heshima mbele ya muuzaji.

Kwenye Barabara ya Bagamoyo, kabla hujafika kwetu, kuna bwana mmoja anaitwa Gibson anayeuza vitu vilivyotumika nchi za nje: jenereta, majokofu, mashine za kufulia na, nyuma kabisa chini ya turubai, matrekta ya majani. Nilikwenda na Tekla ili asije akasema hakushirikishwa. Nikayakagua yote kwa utaratibu ule ule niliokuwa nautumia shuleni, yaani kuanzia mazingira, vifaa, hadi nidhamu.

La kwanza lilikuwa jekundu, dogo, ukilikalia magoti yanafika kidevuni. Nikalikataa kwa sababu za kitabibu. La pili halikuwa na usukani. Lilikuwa na mikono miwili ya chuma, unasukuma huu unavuta ule, nalo linageuka papo hapo kama mtu aliyeitwa jina lake nyuma. Gibson alilisifu sana, akasema kwa uwanja mdogo wenye miti ndilo lenyewe. Lakini sikuona kama ni sawa mtu wa umri wangu aonekane na majirani akivuta vyuma kama anakamua ng'ombe. La tatu lilikuwa la kijani, pana, lenye usukani, taa mbele, na kiti chenye mgongo mrefu. Gibson akaniambia, "Mzee wangu, kiti hiki ukikikalia, hata pensheni unaisahau."

Nikakaa. Nikaisahau.

Nilikuwa bado nimekaa Tekla alipouliza swali. Hakuniuliza mimi, alimuuliza Gibson. "Hili linageukia wapi?"

Gibson akaeleza kwamba linahitaji nafasi kidogo, na kwamba kwa kawaida wanaolichukua ni mahoteli na watu wa viwanja vya mpira. Tekla akasema, "Ahaa." Kisha akaenda kukaa juu ya jokofu la kulala, akafungua mkoba, akatoa karanga. Wewe ni mtu mzima, unaijua "ahaa" ya namna hiyo. Nikaendelea kueleza ubora wa visu, unene wa magurudumu na jinsi injini inavyonguruma kistaarabu, yeye akiendelea na karanga zake, na kadiri nilivyozidi kueleza, Gibson akawa hanitazami mimi tena. Majibu yote akawa anampa yeye.

Nikalichagua lile la kijani. Naomba ieleweke nililichagua kwa vigezo.

3. Kwamba alitumia khanga kama kipimo.

Kumbe pale kwa Gibson, nilipokuwa naangalia taa, Tekla alikuwa amelipima trekta kwa khanga yake, akafunga fundo mahali upana ulipoishia. Tulipofika nyumbani akapita moja kwa moja kwenye kile kijia cha kati ya nyumba na ukuta, ambacho ndiyo njia pekee ya kwenda nyuma, akaitandaza khanga. Haikutandazika. Ilijikunja ukutani.

Akaniambia kwa sauti ya kawaida kwamba trekta litafika getini, litafika mlangoni, lakini kwenye majani halitafika. Nilimweleza kwamba khanga si kipimo kinachotambuliwa na Serikali. Akaniuliza kinachotambuliwa ni kipi. Nikaleta futi kamba, nayo, kwa masikitiko, ikakubaliana na khanga.

Hapa silalamikii matokeo ya kipimo. Nalalamikia kwamba alijua tangu kwa Gibson, akakaa kimya njia nzima, akiniacha niongee habari za kiti.

4. Kwamba aliliingiza trekta katika sala.

Jumuiya yetu inasali nyumba kwa nyumba, na juma lile ilikuwa zamu ya kwetu. Ulipofika wakati wa kuweka nia, wenzetu wakaombea wagonjwa, mvua, na watoto wanaofanya mitihani. Tekla akasimama akasema, "Tumwombee Baba Loveness, Mungu amjalie kuridhika na vitu visivyo na injini." Loveness ni yule binti yetu mkubwa aliyeolewa Arusha, kwa hiyo Baba Loveness ni mimi. Watu wote wakaitikia, "Ee Bwana, utusikie." Hata mimi nikaitikia, kwa mazoea. Nilipozinduka, nia ilikuwa imeshapita na tumehamia kwa marehemu.

Baada ya sala, akina mama wakaenda nyuma kuutazama uwanja. Walipita kwa mstari, mikono wameifumbata, kama watu wanaoaga. Mmoja akasema pangependeza pevingi za rangi mbili.

Mzee Alfonsi, nimekaguliwa na wakubwa wengi katika utumishi wangu. Sijawahi kukaguliwa na Mungu kwa ombi la mke wangu.

5. Kwamba nilipopata ufumbuzi, ufumbuzi haukupokelewa kwa moyo uliotolewa.

Mzee Shomari ninayemtaja ni mwenyeji halisi wa hapa, amenitangulia umri na ninampa shikamoo kila asubuhi. Nyumba yake na yangu zinapakana kwa nyuma. Uwanja wake ni mkubwa kuliko wangu na hauna jani hata moja, ni mchanga mtupu, ambao mke wake, Bi Nusaiba, anaufagia kila siku ukabaki na mistari mizuri kama mkeka. Nilimweleza shida yangu akiwa kwenye kiti chake karibu na ukuta. Akanywa kahawa yake, akautazama ukuta, kisha akasema, "Si ulipitishie kwangu? Huu ukuta ni matofali tu, Baba Loveness. Leo yapo, kesho yatarudishwa."

Nikamuuliza kama Bi Nusaiba amekubali. Akasema hatakataa. Sasa ndiyo naona kwamba alisema "hatakataa", hakusema "amekubali". Mkaguzi mzima, nikaliacha likapita.

Tukachagua siku ambayo Tekla yupo kwenye duka lake la vitenge na Bi Nusaiba amekwenda Mabibo kwa binti yake. Fundi akabomoa. Watu wa Gibson wakaliingiza trekta kwa geti kubwa la Mzee Shomari, likakatisha mchanga, likapita tunduni, likasimama juu ya ukoka wangu. Wakanionyesha ufunguo na breki, wakaondoka kwa sababu walikuwa na jokofu la kupeleka mahali.

Naomba uniruhusu niseme kidogo juu ya mstari wa kwanza. Nilianzia ukutani nikaelekea kwenye mpapai. Sikuwa na haraka. Majani yalikuwa yanalala pembeni yangu, na ile harufu ya ukoka uliokatwa ikanijia kama zamani, kama Jumamosi za zamani, Tekla akiwa bado ananishikia mpira. Goti halikuniuma. Mzee Shomari alikuwa amesogeza kiti mpaka katikati ya tundu, akawa anaitikia kwa kichwa kila nilipomtazama. Kwa urefu wa mstari ule mmoja, Mshenga, sikuwa mstaafu.

Kisha uwanja ukaisha, nikatakiwa kugeuka.

Sitaki kueleza kwa kirefu. Trekta lilichukua nguzo ya kamba ya nguo, likapita kwenye tuta la matembele, na likatulia kati ya mpapai na tangi la maji, mahali ambapo halikuweza kwenda mbele. Kurudi nyuma kulikuwa na namna yake ambayo sikuelekezwa. Kamba ilikuwa na nguo. Sare ya kwaya ya Tekla, ile ya bluu waliyoishona kwa ajili ya Pasaka, ilikuwa imelala juu ya injini ikiwa bado na vibanio vyake.

6. Kwamba wake zetu wameungana.

Bi Nusaiba ndiye aliyefika kwanza. Alikuta kwamba kutoka uani kwake unaweza kuona mpaka jikoni kwangu, na kutoka jikoni kwangu unaweza kuona kila kitu cha uani kwake. Hakupandisha sauti. Alimwambia mumewe, "Kwa hiyo mie nikitaka kuanika nguo uani kwangu mwenyewe, nivae baibui, kwa ajili ya majani ya watu?" Mzee Shomari akamweleza habari ya matofali kurudishwa kesho. Akamuuliza kesho ipi.

Tekla akafika baadaye. Miaka yote hawa wawili wamekuwa wakipeana sahani juu ya ukuta, pilau ikija kwetu sikukuu ya Idi na ndizi zikienda kwao Krismasi, lakini hawakuwahi kusimama pamoja kwa muda mrefu, maana ukuta ulikuwa unawapita kichwa, zikivuka sahani na mikono tu. Siku ile wakasimama ndani ya tundu, wakaongea. Wakaongea sana. Mimi nilikuwa upande huu na Mzee Shomari upande ule, na hakuna aliyetuuliza jambo.

Walipomaliza, Tekla akaenda chumbani. Akatoka na begi, na ule mto, na kikaango. Mlangoni akasema, "Siku ukilichoka hilo trekta, mie nipo kwa Jesca." Nikajibu kwamba sitalichoka. Nilijibu upesi, kabla sijafikiri, nikasikia sauti yangu ikiwa kali kama ya kwenye ukaguzi. Yeye akatanguliza begi nje. Akafunga mlango taratibu, na mtu akifunga mlango wako taratibu huna hata pa kuanzia kulalamika.

Tangu siku hiyo nalala sebuleni. Chumbani umebaki mto mmoja, na kitanda kimekuwa kikubwa kuliko nilivyokikumbuka. Wali nikiupika unaungua chini na juu unabaki mbichi. Simu nimempigia, anaitikia vizuri, ananiuliza kama nimekula, ananiuliza goti, kisha ananiuliza, "Na mwenzako mzima?" Mwenzangu anayemaanisha ni trekta.

Bi Nusaiba hajaondoka. Lakini Mzee Shomari anasema kuna kuondoka kwa namna nyingine, na kwamba chai anayoletewa siku hizi haina sukari wala neno.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo.

(a) Urudi kwa baba mkwe ukiwa umevaa kanzu na koti kama siku ile, uwaulize wazee kwa heshima zote kwa nini hawakututamkia kwamba binti yao hana uvumilivu na mashine. Kama walisahau, waseme walisahau, nitawaelewa.

(b) Uombe makubaliano yaongezwe kifungu kimoja tu, kwamba bibi harusi atamruhusu bwana harusi kumiliki trekta la majani baada ya kustaafu. Ili kuonyesha nia njema, niko tayari kwa upande wangu kupokea kifungu chochote watakachoona kinafaa, isipokuwa kinachohusu pevingi.

(c) Ikiwa watasema ndoa ni ya zamani mno na haifunguki tena, basi naomba uwatangazie kwamba nimeamua kuongeza zawadi juu ya mahari, na zawadi hiyo ni trekta. Walipokee rasmi, walikabidhi kwangu nilitunze, na liendelee kukaa hapa hapa lilipo. Nimelifikiria jambo hili kwa makini. Likishakuwa mali ya baba yake, Tekla hataweza tena kuliita bati, kama anavyoliita siku hizi. Akitoka nje asubuhi atalikuta limesimama pale kwa niaba ya mzee wake, na sioni atakwepaje kuliamkia. Nami nikilikalia nitakuwa ninamtumikia mkwe wangu, jambo ambalo Tekla na jumuiya yake nzima hawawezi kuliombea vibaya.

(d) Ikibidi, baba mkwe aletwe Dar es Salaam alikalie mwenyewe. Kiti kinamfaa mtu yeyote mwenye mgongo.

Naamini utaona kwamba sijaomba jambo kubwa. Nimeomba ukamilishe kazi uliyoianza ukiwa kijana mwenye nguvu. Mke wangu namhitaji nyumbani, Mzee Alfonsi, hilo liandike mahali ulione. Na trekta pia nalihitaji. Sijawahi kufundishwa kwamba mtu akitaka viwili vyote anakuwa mkosaji.

Nisalimie mama watoto na wote waliopo hapo nyumbani. Nisalimie wanakwaya wa zamani wa parokia ambao bado wanaimba, na wasioimba pia. Majirani wa pande zote mbili uwape salamu zangu, na wale wa chini kuelekea mtoni usiwasahau. Baba mkwe na mama mkwe uwasalimie sana, ila usiwaambie nimeandika mpaka uwe umeshavaa koti. Nakala ya barua hii sijatoa, kwa sababu mashine ya kutolea nakala iliyo karibu nasi inaendeshwa na mwenyekiti wa jumuiya.

Nabaki kuwa matokeo ya kazi yako,

Projestus Mutalemwa

Tanbihi: Mzee wangu, barua hii nilikuwa sijaifunga. Asubuhi hii, nikiwa natafuta gundi, nikasikia injini. Nikadhani Gibson amekuja kulichukua. Nikatoka na malapa yasiyofanana.

Alikuwa ni Tekla. Alikuja na Jesca kuchukua sare ya kwaya, wakapitia kwa Bi Nusaiba. Trekta lilikuwa limeibana kamba, akaamua alisogeze kidogo tu. Akapanda, akatazama chini, akakanyaga kitu, nalo likarudi nyuma bila ubishi. Akalisogeza. Kisha akalisogeza tena. Nilipofika alikuwa anakwenda kwenye mpapai, mgongo umenyooka, khanga ameifunga kiunoni, hatazami kulia wala kushoto. Mwisho wa uwanja hakujaribu kugeukia uani kwangu hata kidogo. Alipita tunduni, akaingia kwenye mchanga wa Mzee Shomari ambako kuna nafasi, akazunguka pale bila wasiwasi, akarudi tunduni na mstari mwingine. Kumbe kule ng'ambo ya tundu ndiko trekta linakogeukia. Ameukata uwanja wote kwa mistari iliyonyooka, na siwezi kusema uongo, mimi sijawahi kuukata hivyo. Jesca alipiga vigelegele. Bi Nusaiba akaomba kupanda, akapandishwa. Wawili hawa wamekubaliana ukuta usirudishwe, wataweka geti la mabati lenye komeo upande wa Bi Nusaiba, na uwanja wa mchanga nao upandwe ukoka ili trekta lisikae bure. Jumamosi akina mama wa jumuiya wanakuja kuliona. Nasikia wanakuja kwa zamu.

Nimeomba zamu yangu. Tekla akaniambia, "Baba Loveness, wewe daktari amekwambia ukae. Kaa." Akaniletea kiti, na mpira wa maji akanipa niushike. Mto ameurudisha chumbani.

Kwa hiyo tafadhali usiende kwa wakwe, na ikiwa umeshavaa koti, livue. Kifungu (b) nakifuta. Kifungu (c) nakifuta kabisa, kwa sababu baba mkwe akipewa trekta atampa binti yake, na hapo sitakuwa na pa kusemea. Badala yake naomba uje wewe mwenyewe, haraka, useme na Tekla juu ya pevingi. Nimezifikiria upya nikaziona ni kitu kizuri, hazina kelele, na hakuna anayezikalia peke yake.

Mzee Shomari, ambaye uwanja wake unaanza kulimwa kesho, ameniomba nikuulize jambo. Mshenga wake mwenyewe alishafariki zamani, na anataka kujua kama unaweza kumpokea na yeye.